Miwaridi Hufunikwa Kabla ya Theluji

Katika mkutano mmoja wa tawi, wanachama wa shamba la maua walipokuwa wamekwisha kujadili mishahara na viatu vya mpira, ndugu mmoja wa kikosi cha kunyunyizia dawa alinyanyua mkono akauliza jambo ambalo halikuwamo katika ajenda. Alisema: “Sisi tunapakia mawaridi kwenda Ulaya kila usiku. Tunaambiwa huko theluji hufika magotini. Je, wenyewe hawana miwaridi? Na kama wanayo, mbona haifi kwa baridi?”

Watu walicheka, mwenyekiti naye akacheka. Lakini kicheko kilipokwisha ilionekana kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na jibu, na sisi ndio tunaoushika mti huo mikononi siku sita kwa juma. Tuliahidi kulitafutia swali hilo jibu na kuliandika katika kurasa hizi. Leo tunatimiza ahadi.

Wanayo, na tena kwa wingi. Ndugu msomaji, kama umepata kuhudhuria maulidi au harusi ya pwani ukanyunyiziwa marashi kwa mrashi, basi umekwisha kunusa mwaridi usioishi katika grinihausi wala usiotengenezwa kwa ajili ya kupambwa mezani. Ni mwaridi wa mafuta, ambao wataalamu huuita Rosa damascena. Ndugu zetu wa Oman huupanda katika vijiji vya Jabal Akhdar, juu mlimani, na huchuma maua na kukeneka marashi mwezi wa Aprili hivi. Lakini mashamba yake yaliyo maarufu kupita yote duniani yapo katika nchi ya theluji, nayo ni Bulgaria.

Sifa za mashamba hayo zimeandikwa mara nyingi: wachumaji wenye vikapu, maua ya rangi ya pinki, na sikukuu ya waridi ambayo ilianza mwaka 1903 katika mji wa Kazanlak. Hayo yote hutokea Mei na Juni. Sisi tutasema habari za Oktoba na Novemba, wakati hakuna ua hata moja wala mpiga picha, maana kazi inayoamua kama mti utakuwa hai hufanyika wakati huo.

BONDE BAINA YA MILIMA MIWILI

Bonde la Mawaridi liko katikati ya Bulgaria. Upande wa kaskazini imesimama safu ya Stara Planina, ambayo kilele chake cha juu, Botev, kina urefu wa mita 2,376. Upande wa kusini kuna safu fupi zaidi iitwayo Sredna Gora. Milima ya kaskazini huzuia sehemu ya upepo mkali utokao nyanda za Urusi, na ndiyo sababu mojawapo ya mwaridi kustawi hapo tangu zama za utawala wa Waturuki. Hata hivyo “kuzuia” si kumaliza. Katika bonde hilo usiku wa Januari huwa chini ya sifuri, na miaka mingine baridi hushuka hadi digrii 20 chini ya sifuri. Kwa kulinganisha, jokofu la kuhifadhia nyama madukani huwekwa kwenye digrii 18 chini ya sifuri.

Vitabu vya shule huyaita majira yanayotangulia baridi hiyo kwa jina la “vuli”. Neno hilo hutupotosha kidogo, kwa kuwa vuli yetu ni mvua, kijani na palizi. Vuli ya huko ni kinyume chake. Siku hufupika, jua hulegea, majani hugeuka manjano na kupukutika hadi mti ubaki fimbo tupu. Mtu wa kwetu akiuona mti katika hali hiyo atasema umekufa na atautafutia shoka.

Basi, wakati huohuo ndio wanapopanda.

KWA NINI WAPANDE MTI UNAPOLALA

Sisi tumezoea kupanda mvua inapoanza, ili mche upate maji na joto mara moja. Mkulima wa Bulgaria hupanda miwaridi kuanzia katikati ya Oktoba hadi Novemba, na wale wanaokosa nafasi hiyo hungoja mwanzo wa machipuko, yaani Machi. Lakini wengi huchagua vuli, na sababu yao ni ya maana.

Mti una ncha mbili zenye njaa: juu majani, chini mizizi. Ukipanda kichaka chenye majani, majani hudai maji kila saa, na mizizi iliyokatwa wakati wa kung’olewa haiwezi kuyaleta. Mche hunyauka. Lakini mti uliokwisha kupukutika hauna dai hilo. Juu umelala. Chini bado haujalala, kwa kuwa udongo hupoa polepole kuliko hewa. Maadamu udongo una joto dogo tu, hata digrii 5 au 6, mizizi mipya huendelea kuota kimyakimya. Mti uliopandwa mwezi wa kumi hupata wiki kadhaa za kujishikiza ardhini kabla udongo haujaganda. Machipuko yakifika na macho yakifunguka, tayari una mizizi ya kuyalisha. Mti uliopandwa Machi huanza yote kwa pamoja, na kiangazi chao kikiwa kikavu hupata taabu.

Hesabu yenyewe ni ya kuogopwa, hata hivyo. Ukipanda mapema mno, siku zingali na joto, mti hudanganyika ukachipua, na machipukizi hayo laini huuawa na baridi ya kwanza. Ukichelewa mno, udongo huganda kabla mizizi haijashika, na mche husimama ardhini kama kigingi. Kanuni inayofuatwa na watu wengi wanaopanda vichaka katika nchi za baridi ni kumpa mche muda wa wiki sita hivi kabla ya ardhi kuganda. Wiki sita hizo si nyingi kwa shamba la hekta kumi na majembe machache.

Ni vema pia kutaja wanachokiacha. Baada ya katikati ya kiangazi chao hawauwekei mwaridi mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi. Mbolea hiyo huuambia mti ukue, wakati unaotakiwa kuambiwa usimame. Usiku wa baridi na siku fupi za Septemba huufanya mti kujikaza: hurundika sukari katika seli zake, na gome hugeuka gumu. Mti ulioshibishwa mbolea Agosti huingia Desemba ukiwa laini kama mtoto aliyelala bila blanketi. Vivyo hivyo hawaupogoi sana katika vuli, kwani kila jeraha la mkasi huamsha macho yaliyo chini yake.

MTARO

Tufike kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo sisi watu wa mashambani tunapoelewana bila mkalimani.

Wengi wetu katika mashamba ya maua tunajua mwaridi wa kubebeshwa: shina la chini la aina ya Natal Briar, na juu yake jicho la ua linalotakiwa sokoni. Mwaridi wa mafuta wa Bulgaria haubebeshwi. Husimama juu ya mizizi yake wenyewe, na njia ya kale ya kuupanda ni ya ajabu kwa wepesi wake. Shamba likizeeka, baada ya miaka 8 au 10 hivi, vichaka hukatwa hadi usawa wa ardhi ili vifanywe vijana tena. Matawi yaliyokatwa hayachomwi moto. Huwa ndiyo mbegu ya shamba jipya.

Huchimbwa mitaro mirefu, yenye kina cha sentimita 30 hadi 40, iliyoachana mita mbili na nusu au zaidi ili mnyama, na siku hizi trekta, aweze kupita katikati. Chini ya mtaro huwekwa udongo laini. Kisha matawi hulazwa chali, matatu au manne sambamba, ncha ya moja ikipanda juu ya mwanzo wa jingine, kama watu wanavyolaza miwa. Juu yake hutupwa udongo kidogo, samadi iliyooza vizuri, na udongo tena, hukanyagwa kwa mguu ili pasibaki mifuko ya hewa, na mwisho hurundikwa tuta. Shamba lote huonekana kama safu za makaburi marefu. Mpita njia hataamini kwamba humo ndani mna kitu chochote kilicho hai.

Machipuko yakifika tuta hupunguzwa, na kutoka katika macho ya tawi lililozikwa huchomoza machipukizi kwa urefu wote wa mstari. Ndiyo maana miwaridi ya huko haionekani kama mti mmoja mmoja, bali kama ua wa boma ulionyooka.

Siku hizi wengi hupanda miche iliyokwisha kuoteshwa mizizi kitaluni, kwa sababu njia ya kulaza hula matawi mengi mno. Miche hiyo hung’olewa ikiwa uchi, yaani bila udongo kwenye mizizi, nayo huhitaji adabu yake. Mizizi haiachwi juani wala upeponi hata kwa dakika chache. Huviringishwa katika gunia bichi. Hulowekwa majini saa kadhaa kabla ya kupandwa. Shimo hufanywa pana kuliko kina, mizizi hutandazwa kama vidole vya mkono, na mche huwekwa kwa kina kilekile ulichokuwa nacho kitaluni au kidogo zaidi. Kisha hukanyagwa na kutiliwa maji, hata kama mvua inanyesha, kwa sababu maji hayo si ya kunywesha bali ni ya kushusha udongo ushikane na mizizi.

Kazi hiyo hufanyika katika tope baridi, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Glovu nene huzuia miiba lakini pia huzuia kuhisi mizizi, na kwa hiyo watu wengi huishia kuvua moja. Anayepanda chai katika mvua za Mufindi mwezi wa Januari ataelewa nusu ya taabu hiyo. Nusu ya pili, ile ya ganzi, hataielewa mpaka aipate.

KINACHOUA SI BARIDI PEKE YAKE

Sasa tunafika kwenye jibu la ndugu yetu, na jibu hilo lilitushangaza sisi wenyewe.

Tulidhani kichaka hufa kwa kugandishwa kama nyama. Hutokea, hasa baridi inaposhuka chini ya digrii 20 za chini ya sifuri na hakuna theluji juu ya ardhi. Lakini mara nyingi pia muuaji ni kiu. Ardhi ikiganda, maji yaliyomo huwa barafu, na mzizi hauwezi kunywa barafu. Juu, jua la Februari na upepo mkavu huendelea kuvuta maji kutoka katika fimbo za mti kidogo kidogo, kama upepo wa pwani unavyokausha samaki hata siku isiyo na joto. Vichaka visivyopukutisha majani huumia zaidi, kwa sababu kila jani ni mlango uliofunguliwa. Machipuko yakifika mti hukutwa mkavu, na mwenyewe husema baridi imeuua, kumbe umekufa kwa ukame katikati ya theluji. Kwa sababu hiyo wakulima wenye busara humwagilia vichaka vipya hadi karibu na siku ardhi inapoganda. Mtu akionekana anamwagilia maji Novemba huko, asichekwe.

Theluji, tuliyoiogopa sana, ni rafiki. Ndani yake mna hewa nyingi iliyofungwa, kama pamba katika mto. Wakati hewa juu iko digrii 20 chini ya sifuri, udongo uliofunikwa na theluji nene unaweza kuwa karibu na sifuri tu. Theluji iliyo juu ya ardhi huachwa ilivyo. Iliyolemea matawi ndiyo hutikiswa taratibu yasivunjike. Barafu iliyoshika kwenye tawi haipigwi, kwani tawi huvunjika pamoja nayo.

Wa pili katika kuua ni joto la uongo. Januari huja siku nne tano za jua zuri, macho ya mti huanza kuvimba, na usiku wa sita baridi hurudi kwa hasira. Wa tatu ni ardhi yenyewe. Maji yakiganda hutanuka, na ardhi hupanda na kushuka kila baridi inapokuja na kuondoka. Mche uliopandwa vuli hiyohiyo, usio na mizizi mirefu, husukumwa juu kidogo kidogo mpaka mizizi ikawa nje. Hapo hapana dawa ila mtu kupita mstari kwa mstari mwezi wa Februari na kuikanyaga miche irudi chini kwa kisigino.

KUPANDISHIA UDONGO

Dawa yao dhidi ya maadui hao wote ni moja, na haiuzwi dukani. Ni udongo. Mwisho wa vuli, baada ya baridi ya kwanza kuupiga mti na kuuzuia kukua, udongo hupandishwa kuzunguka shina kwa kimo cha sentimita 20 au 30. Katika mashamba makubwa plau hupita katikati ya mistari na kuuinua. Penye miche michanga na penye vichaka vilivyosongamana hubaki jembe la mkono. Udongo huchukuliwa katikati ya mistari. Anayeuchota mguuni pa mti ili kuufunika mti huohuo amefanya kazi ya kumvua mtu viatu ili kumvika kofia, kwa sababu mizizi ya juu hubaki wazi.

Faida yake ni rahisi kuifahamu. Hata matawi yote ya juu yakiungua, macho yaliyo ndani ya tuta hubaki salama, na kwa kuwa mwaridi huo haukubebeshwa, chochote kitakachochipua kutoka chini ni mwaridi uleule. Mwaridi wa kubebeshwa ukifia juu, hukuletea shina la porini. Pia tuta huituliza ardhi isipande na kushuka, na huizuia fimbo kukauka.

Hapa pia kuna hesabu ya siku. Tuta likipandishwa mapema, kungali na joto na unyevu, gome huoza na ukungu huingia. Likichelewa, udongo umekwisha kuwa mabonge magumu. Na Machi likicheleweshwa kuondolewa, machipukizi huota ndani ya giza yakiwa meupe, na siku ya kufunuliwa jua huyaunguza. Hivyo tuta huteremshwa taratibu, ikiwezekana siku ya mawingu.

Mahali pengine Ulaya watu hutumia majani makavu au mabua ya ngano badala ya udongo, wakihadhari yasiguse shina, kwa kuwa panya wa shambani hujenga humo na kutafuna gome kipupwe chote. Mabua hayo hufungwa marobota, na tungependa wazee wetu wa mashamba ya mkonge wakumbuke kwamba kamba ya kufungia marobota hayo ndiyo iliyokuwa soko kubwa la katani ya Tanga, kabla ya kamba za plastiki kuingia na kuiangusha bei. Mtu aliyekata mkonge Korogwe amesaidia kufunika vichaka asivyopata kuviona.

Pembezoni mwa mashamba ya Bulgaria huonekana pia mwaridi mweupe. Mafuta yake ni machache, lakini huvumilia baridi kupita ule wa pinki, nao hupandwa kama ua wa kukinga.

MIAKA YA KUNGOJA

Mwaridi uliolazwa mtaroni hautoi mavuno ya maana ila mwaka wa tatu, na hufikia nguvu zake baadaye. Kwa hiyo anayepanda vuli hii hufanya palizi, hupandisha tuta, huliteremsha, na hurudia tena, kabla ya kilo ya kwanza kufika mizani. Ua lenyewe lina uzito wa gramu mbili na nusu au tatu tu. Kilo moja ni zaidi ya maua 300. Na mafuta ya kilo moja hutaka kilo 3,000 hadi 4,000 za maua, yaliyochumwa alfajiri umande ungalipo, kwani jua likipanda mafuta huruka. Msimu wote wa kuchuma ni majuma matatu au manne.

Wachumaji, na wengi wao ni watu wa jamii ya Waroma, hulipwa kwa kilo. Sisi wachuma chai tunaijua mizani hiyo. Ila jembe la Novemba halina mizani. Zamani, viwanda vilipokuwa vimetaifishwa mwaka 1947 na mashamba kuwekwa chini ya vyama vya ushirika, kazi ya vuli ilihesabiwa kwa siku kama kazi nyingine. Kiongozi wa serikali ile aliondolewa Novemba 1989. Mwaka 1991 ikapitishwa sheria ya kuwarudishia wenyewe ardhi yao. Haki ya mtu kupata ardhi yake hatuibishii. Lakini shamba lililokuwa moja liligawanyika vipande, wengi wa waliorudishiwa walikuwa mjini au wazee, na mwaridi haungoji mirathi iishe. Miwaridi mingi iliachwa bila tuta na bila palizi, mingine ikang’olewa. Bei ya mafuta ilipopanda baadaye watu walianza kupanda upya, na hapo ikabidi kungoja tena miaka mitatu. Baada ya nchi hiyo kuingia Umoja wa Ulaya mwaka 2007, mikono mingi ilikwenda kutafuta ujira Ujerumani, Uingereza na kwingineko, na kuanzia hapo kilio cha wenye mashamba kimekuwa uhaba wa wachumaji. Sisi tungewauliza wanalipa nini miezi mingine kumi na moja.

Jambo moja halikuvunjika: kituo cha utafiti wa mwaridi kilichoanzishwa Kazanlak mwaka 1907 kiliendelea kutunza aina za miwaridi, na waliotaka kupanda upya walikuwa na pa kuchukua miche.

NA BARIDI YETU

Msomaji wa Kericho au wa Njombe atasema: hayo ni ya huko, kwetu hakuna theluji. Kweli. Lakini sakitu ipo, yaani ule umande unaoganda juu ya majani alfajiri. Mufindi wanaijua Juni hadi Agosti. Kenya, Januari 2012, sakitu iliunguza chai ya Kericho na Nandi, na majani yaliyokuwa mabichi jioni yalikutwa yamekuwa kahawia kama yaliyopitiwa na moto. Kichaka hakikufa. Aliyeumia ni mchumaji anayelipwa kwa kilo, kwa kuwa kwenye kichaka kilichoungua hakuna kilo mpaka kichipue tena, nako huchukua majuma mengi. Matawi yetu yafungue mikataba yao yatazame: siku ambayo jani limeungua na mtu ameripoti kazini na kikapu chake, amepangiwa kazi gani, na kwa malipo gani? Kupogoa na kusafisha mitaro ni kazi.

Wanachama wanaotaka kupanda vichaka nyuma ya nyumba za kambi, iwe ni chai, mwaridi au ua wa boma, wasiige Bulgaria kwa kila kitu. Baridi ya huko hukaa miezi mitatu. Ya kwetu hukaa saa chache kabla ya jua kuchomoza, katika usiku usio na mawingu wala upepo. Hewa baridi huteremka mteremko kama maji na kutuama bondeni, kwa hiyo mche usipandwe mahali pa chini kabisa, na ua ulio upande wa chini uachiwe pengo hewa ipite.

Tena, mabua mazito yanayomwokoa mwaridi wa huko yanaweza kumdhuru wa kwetu usiku wa sakitu. Udongo wetu una joto la mchana, na usiku hulipandisha juu likayakinga majani. Ukiufunika kwa matandazo manene, joto hubaki chini na majani huganda. Miezi ya sakitu ni afadhali kusogeza matandazo kando, kuacha udongo wazi, mgumu na wenye unyevu. Mtu akimwagilia mchana, udongo ulioloa huhifadhi joto zaidi kuliko mkavu. Kinachofunikwa ni mche wenyewe, kwa juu: fito nne, na gunia au nyasi zilizotandazwa bila kugusa majani, kuwekwa kabla jua halijatua.

Asubuhi gunia huondolewa jua likishapanda. Ikiwa majani yameungua, mkasi usikimbiliwe siku hiyo. Tawi linaloonekana limekufa huenda limeungua ngozi tu. Ngoja majuma mawili matatu, kisha kwaruza gome kwa ukucha. Palipo kijani acha, palipo kahawia kata.